Oili ya Gia Inapobadilika Rangi: Kutafuta Kasoro katika Mashine za Boti za Kasi Lamu

Boti ya kasi inayovuka kutoka Mokowe, au inayoelekea Mtangawanda na Kizingitini ikiwa imejaa abiria na mizigo, hupitisha nguvu zake zote katika meno machache ya chuma yaliyofungiwa ndani ya kichwa cha chini cha mashine ya nje, ile inayofungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti. Humo ndani injini inayozunguka mara 5,500 hadi 6,000 kwa dakika hugeuzwa mwelekeo kwa pembe mraba, kutoka shafti iliyosimama hadi shafti iliyolala inayoshika rafadha, na kazi hiyo yote hufanyika katika oili ambayo kwa mashine nyingi za nguvu za farasi 40 hadi 75 haifiki lita moja. Hakuna pampu inayoizungusha, hakuna chujio linaloisafisha, wala hakuna kijiti cha kupimia kama kile cha injini ya gari. Kinachoipoza ni maji ya bahari yanayopita nje ya ganda. Kwa sababu hiyo oili ya gia ndiyo shahidi pekee wa yale yanayotendeka ndani, na shahidi huyo huonekana tu siku anapotolewa.

Wengi wetu, tunapoona oili imeharibika, hukimbilia dukani kuulizia oili nyingine iliyo nzito zaidi au ghali zaidi. Nahodha mmoja wa upande wa Faza aliwahi kuniletea mashine ambayo kwa miezi kadhaa alikuwa ameibadilishia oili mara tatu, kila mara akichukua chapa tofauti, na kila mara oili ilirudi kuwa nyeupe. Aliniambia, "Fundi, nataka ile oili kali wanayotumia wenye boti za mashindano." Tulipoivua rafadha tulikuta nyuzi za mshipi wa nailoni zimejizungusha kwenye shafti hadi zikakata midomo ya sili zote mbili, yaani zile pete za mpira zinazoizunguka shafti ili oili isitoke na maji yasiingie. Oili zake zote tatu zilikuwa nzuri. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu naona fedha nyingi na mashine nyingi zikipotea kwa njia hiyo: oili mpya huchaguliwa kabla ya ile ya zamani kusomwa.

Kuchukua sampuli

Usitoe oili mara tu boti inapofika gatini. Oili iliyotoka kuzungushwa kwa kasi huwa imejaa viputo vya hewa, na viputo hivyo huifanya ionekane nyeupe hata kama haina tone la maji. Iache mashine isimame wima usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kugusa skrubu ya juu, legeza kidogo skrubu ya chini na kinga matone ya kwanza katika chupa safi ya kioo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo na hayajachanganyika, ndiyo yatakayotangulia kutoka. Kisha fungua skrubu ya juu ili hewa iingie, uache oili yote ishuke katika chombo kisafi na uipime. Kiasi kilichotoka ni habari muhimu sawa na rangi, nami huwashangaa mafundi wanaokimwaga bila kukilinganisha na kile kilichoandikwa katika kitabu cha mashine.

Chupa hiyo iweke mahali pa utulivu kwa siku moja. Ikiwa weupe ulitokana na hewa, oili itakuwa imerudi katika uwazi wake baada ya saa chache. Ikiwa imebaki nyeupe, au imejitenga na kuacha maji chini, basi maji yameingia. Anayetaka jibu la haraka anaweza kudondosha tone moja kwenye kikaango chenye moto: oili kavu hutulia na kutoa moshi kidogo, lakini oili yenye maji hupasuka na kutoa sauti kama ya samaki mbichi anapoingia katika mafuta. Fanyeni hivyo kwa tone moja tu, macho yakiwa mbali na kikaango, na kikaango hicho kisirudi tena jikoni.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa

Hili ndilo tatizo tunaloliona mara nyingi zaidi hapa Lamu, na mahali penyewe panachangia. Boti zetu hupita katika mkondo wa Mkanda wakati maji yamepwa, rafadha ikichimba tope na mchanga. Hupita juu ya nyavu na mishipi iliyokatika. Kisha hulala ndani ya maji ya chumvi wiki nzima bila mashine kuinuliwa. Kila moja kati ya hayo huzishambulia sili.

Anzeni na kilicho rahisi, yaani washa (pete ndogo za kuziba) za skrubu mbili za oili. Washa hizo zimetengenezwa zibanwe mara moja. Fundi anayerudisha washa iliyokwisha kubanwa anaacha njia ya maji ambayo haionekani kwa macho, nayo bei yake ni ndogo mno kulinganisha na giaboksi, yaani kile kichwa cha chini chenye gia. Angalieni pia kama uso wa ganda unaokaliwa na washa umekwaruzwa kwa bisibisi au umeliwa na kutu nyeupe ya alumini, kwa maana washa mpya juu ya uso uliochimbika haitaziba kitu.

Baada ya hapo vueni rafadha. Mshipi wa nailoni hujisokota nyuma ya rafadha bila nahodha kuhisi lolote, huyeyuka kidogo kwa joto la msuguano, kisha hugeuka kuwa kisu kinachokata mdomo wa sili. Boti inayofanya kazi katika maji ya wavuvi inastahili kuvuliwa rafadha mara kwa mara, shafti ipanguswe, ipakwe grisi ya baharini na kurudishwa. Ukipitisha ukucha juu ya shafti mahali sili inapokaa na ukahisi mfereji, kubadilisha sili peke yake hakutadumu, kwani sili mpya itakaa katika mfereji ule ule ulioachwa na ile ya zamani.

Kama shafti ya rafadha ni nzima, tazameni juu: sili ya shafti iliyosimama, ambayo iko chini ya pampu ya maji, na sili ndogo ya fimbo ya kubadilishia gia. Hizi hufanyiwa kazi mara chache kwa sababu kuzifikia kunahitaji giaboksi ishushwe. Ushauri wangu ni kwamba siku mnaposhusha giaboksi ili kubadilisha impela (gurudumu la pampu ya maji), msiipandishe tena bila kuzikagua.

Watu huniuliza maji yanaingiaje wakati ndani mna oili na hewa yenye joto inayosukuma nje. Jibu liko katika mwendo wa boti zenyewe. Boti ikikimbia nusu saa, oili na hewa iliyo juu yake hupata joto na kutanuka. Boti ikisimama ghafla, maji ya bahari hulipoza ganda kwa haraka, hewa ya ndani hunywea, na giaboksi hunyonya kama mtu anyonyavyo dafu kwa mrija. Sili iliyokuwa ikizuia oili isitoke inaweza kushindwa kuzuia maji yasiingie. Boti za abiria zinazokimbia na kusimama mara nyingi kwa siku hupitia unyonyaji huo kila wanaposhuka watu.

Ndiyo maana giaboksi ipimwe kwa njia zote mbili. Ikiwa haina oili, fungeni skrubu ya chini, na katika tundu la juu fungeni adapta yenye geji na pampu ya mkono. Tieni hewa polepole hadi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mashine yenu, ambacho kwa nyingi hakizidi psi 15 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, kama kwenye matairi). Hewa ya kompresa ya pancha isitumike moja kwa moja, kwa maana huweza kuzisukuma sili zenyewe nje. Geji ikishuka, pakeni maji ya sabuni na kutafuta povu, au zamisheni giaboksi katika pipa la maji. Wakati hewa imo ndani, zungusheni shafti kwa mkono na mbadilishe gia mbele na nyuma, kwa sababu sili nyingine huvuja katika sehemu moja tu ya mzunguko. Kisha rudieni kipimo kwa pampu ya kunyonya. Shafti nyingi za rafadha zina sili mbili zilizopeana migongo, moja ikizuia oili na nyingine ikizuia maji, na ile ya maji inaweza kuwa imekufa huku kipimo cha kutia hewa kikionyesha kwamba kila kitu ni salama.

Oili yenyewe inahusika wapi katika tatizo hili? Inahusika katika muda utakaopewa kabla ya madhara. Oili ya gia iliyotengenezwa kwa ajili ya boti ina viungo vinavyoshika kiasi kidogo cha maji na kukitawanya ndani ya oili, ili kisikusanyike kwenye beringi na kuzila kwa kutu, na ina kinga zaidi dhidi ya kutu kuliko oili ya kawaida ya difu ya lori. Hivyo oili ya boti iliyopata maji huwa nyeupe upesi, ilhali ya lori huweza kubaki na rangi yake huku maji yakitulia chini na kuozesha beringi. Nimesikia watu wakiisifu oili ya lori kwa kuwa "haiharibiki rangi". Sifa hiyo ni ya hatari, na naomba isisambazwe.

Povu, na oili inayopungua

Oili ikipungua na nje kuna alama ya mafuta juu ya maji, sababu ni zile zile za sili. Ikipungua bila alama yoyote, kumbukeni namna ilivyojazwa: pengine haikupungua, ila haikujaa tangu mwanzo, kwa kuwa fundi aliijaza kutoka tundu la juu na hewa ikabaki imenaswa. Giaboksi iliyobeba hewa hupigapiga oili kuwa povu, na povu halibebi meno ya gia.

Kinyume chake pia ni kosa. Oili ikishindiliwa kupita kiasi haina nafasi ya kutanuka, nayo itajitafutia njia kupitia sili.

Kwa boti za kasi kubwa, zile ambazo mashine imepandishwa juu kwenye ubao wa nyuma ili rafadha ikate uso wa maji, povu lina sababu nyingine. Gia zinazunguka kwa kasi zaidi, na wakati huo huo sehemu kubwa ya ganda iko nje ya maji na kukosa kupozwa. Hapo oili ya kiwango cha chini huchoka mapema: viungo vyake vya kuzuia povu huisha na unene wake hupungua. Mwenye boti ya namna hii ana sababu ya kweli ya kununua oili ya sintetiki, na pia ya kuibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Nyeusi, na harufu ya kuungua

Oili nyeusi kidogo baada ya saa 100 za kazi ni jambo la kawaida. Oili nyeusi kabisa yenye harufu kali ya kuungua ni habari ya joto. Huenda ilikuwa pungufu, huenda ni nyepesi kuliko ile inayotakiwa, au huenda mashine inabebeshwa kuliko uwezo wake: rafadha yenye mkato mkubwa usiofaa, boti iliyojaa saruji, safari ndefu kwa mwendo wa mwisho. Rangi ya ganda ikiwa imebabuka au imevimba upande wa gia, joto hilo lilikuwa kubwa, na beringi zikaguliwe kabla ya kujaza tena.

Harufu ya kibiriti peke yake isiwatishe. Viungo vinavyolinda gia katika mgandamizo mkubwa hutengenezwa kwa salfa na fosforasi, kwa hiyo hata oili mpya hunuka hivyo.

Kilichoshikwa na sumaku

Skrubu ya chini ya mashine nyingi ina sumaku. Utando mwembamba wa kijivu, laini kama wanja ukiusugua kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida, na huwa mwingi zaidi katika oili ya kwanza ya mashine mpya. Ndiyo sababu oili hiyo ya kwanza hutolewa mapema, kwa mashine nyingi baada ya saa 10 hadi 20. Lakini chenga zinazochoma kidole, vipande bapa vinavyong'aa, au kipande chenye umbo la pembe ya jino, hakuna oili itakayovitibu. Mashine isiwashwe tena mpaka giaboksi ifunguliwe.

Wakati wa kusi, nje ya mlango wa Shela, boti huruka juu ya wimbi, rafadha hutoka majini, injini hupanda mizunguko ghafla, kisha rafadha hushika maji tena kwa kishindo. Kila kishindo ni nyundo juu ya meno yale machache. Nahodha anayepunguza moto kabla rafadha haijatua anazilinda gia zake kuliko chupa yoyote ya oili, na ninasema hivi nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kufunga na kufungua giaboksi hizo.

Gia inagonga, inaruka au haishiki

Hapa mara nyingi oili husingiziwa. Injini ikipanda mizunguko na boti isiende, kwanza chunguzeni bushi ya mpira iliyo ndani ya rafadha, kwa kuwa ikiachia, shafti huzunguka na rafadha hubaki nyuma. Chora mstari mmoja kwa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda safari fupi, kisha utazame kama mstari bado umeungana.

Gia ikiruka kwa mlio wa "ka-ka-ka", meno ya klachi yamekuwa mviringo, jambo linalosababishwa na kuingiza gia polepole kwa woga, au na waya wa gia uliorefuka. Gia huingizwa kwa mkono thabiti injini ikiwa katika mwendo wa chini kabisa. Mifumo ya nyuma (injini ikiwa ndani ya boti na gia zikiwa nje kwenye ubao wa nyuma) yenye klachi ya koni ni tofauti kidogo, kwa maana koni hufanya kazi kwa kushikana, na oili iliyoongezewa viungo vya utelezi inaweza kuifanya iteleze. Kwa mifumo hiyo msiongeze dawa yoyote ya chupa ndani ya oili.

Kuchagua oili, baada ya hayo yote

Giaboksi ikiwa imethibitika kuwa haivuji, uchaguzi wenyewe si mgumu. Namba mbili zatosha kusomwa. Ya kwanza ni unene, unaoandikwa kwa kipimo cha SAE. Mashine nyingi za nje huhitaji SAE 90 au 80W-90. Namba hiyo isilinganishwe na ya oili ya injini, kwa kuwa vipimo ni tofauti: oili ya gia SAE 90 ina unene unaokaribiana na oili ya injini SAE 40 au 50. Namba iliyo kabla ya herufi W ni ya baridi, na katika bahari yetu, ambayo maji yake hayajui barafu, haina uzito mkubwa. Tazameni zaidi namba iliyo baada ya W. Kupanda hadi 140 kwa kudhani kwamba uzito utaziba uvujaji ni kuiongezea gia joto na kuifanya oili ishindwe kuingia haraka katika beringi.

Namba ya pili ni daraja la ubora la API (taasisi ya petroli ya Marekani), yaani GL-4 au GL-5. GL-5 ina viungo vingi zaidi vya kuhimili mgandamizo, na kwa mashine zenye nguvu kubwa na vishindo vya mawimbi ina faida. Hata hivyo, viungo hivyo katika joto huweza kushambulia metali za jamii ya shaba, kwa hiyo pale kitabu kinapotaka GL-4 peke yake, kifuateni. Baadhi ya watengenezaji hugawa kwa nguvu ya mashine: Mercury, kwa mfano, huwa na oili moja kwa mashine zilizo chini ya nguvu za farasi 75 na nyingine kwa 75 na kuendelea.

Sintetiki ya 75W-90 yenye maandishi ya kazi ya baharini inafaa kwa boti za kasi na kwa zinazofanya kazi siku nzima. Kwa mashine ya farasi 15 inayosukuma mashua ya uvuvi, oili ya kawaida ya boti inayobadilishwa kwa wakati inatosha kabisa, na fedha zilizobaki zinunue sili. Na wenye majahazi ya injini za ndani wakumbuke kwamba giaboksi zao nyingi hazitumii oili ya gia hata kidogo: nyingine hutumia oili nyekundu ya gia otomatiki, nyingine oili ya injini, na kukosea hapo huua klachi.

Kujaza, na safari ya kwanza

Jazeni kutoka tundu la chini kwa pampu, polepole, mpaka oili itoke juu bila viputo. Fungeni kwanza skrubu ya juu ikiwa na washa mpya, ndipo mchomoe pampu na kufunga ya chini. Kwa mpangilio huo oili haitashuka. Oili chafu isimwagwe mkondoni wala kwenye mikoko. Itieni katika dumu na kuihifadhi hadi apatikane anayekusanya oili chakavu.

Baada ya saa 10 za kazi, boti ikiwa imelala usiku mmoja, legezeni tena skrubu ya chini na mkinge matone machache. Yakiwa safi, endeleeni hadi saa 100 au miezi sita, kwa kipimo kitakachotangulia. Yakiwa na weupe, hata ule mdogo kama ukungu wa alfajiri, rudini kwenye geji na pampu ya kunyonya, na oili nyingine isinunuliwe mpaka pale maji yanapoingilia pajulikane.